Mshipa Uliogoma Kuziba

Nyie vijana mnaofanya kazi sasa kwenye wodi ya watoto njiti, msinione nalisha kuku hapa Lemara na kucheka na kila anayepita mkadhani nimestaafu na roho imetulia. Nawaonea wivu. Juzi nilikuja kumwona mjukuu wa jirani yangu, kazaliwa kabla ya miezi yake. Nikamkuta daktari anapitisha kile kidude cha eko, cha kupiga picha ya moyo, kwenye kifua cha mtoto, na binti mmoja wa kwenu amesimama kando anaangalia skrini. Akaniita, "Bibi, shikamoo. Njoo uone. Pale penye rangi, damu inavuka."

Nikaona. Kitu nilichokitafuta kwa ncha za vidole miaka yote ya kazi yangu, huyu binti anakionyesha kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Nikasema hongereni, nikaondoka bila kuaga vizuri. Mnasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sijinyongi. Nawasimulia.

Wengi wenu mnaujua huo mshipa damu inapovukia kwa herufi tatu za Kizungu. Sisi tulilazimika kumweleza mama aliyejifungua juzi, hajalala, hajala, na mtoto wake anatosha kwenye viganja viwili. Nilikuwa nasema hivi: mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayana kazi, hewa anaipata kwako. Kwa hiyo kuna mshipa mfupi unaounganisha mishipa mikubwa miwili inayotoka kwenye moyo, ili damu iyapite mapafu kando. Akizaliwa akalia, mshipa ule umemaliza kazi na unajiziba wenyewe. Kwa njiti mara nyingi haujui kwamba wakati umefika. Unabaki wazi, damu nyingi inamwagikia mapafu, na sehemu nyingine za mwili zinapungukiwa.

Kwa mama wa huku kwetu mlimani, Mmeru mwenzangu, niliongeza habari ya mfereji wa maji. Kila mtu ana zamu yake. Jirani akimaliza zamu akasahau kuuziba, shamba moja la migomba linakuwa tope na kahawa ya kule chini inanyauka. Nilijivunia sana mfano huo, na niliutumia mpaka Zuhura alipokuja.

Lakini kwanza niwaambie kuhusu Daktari Massawe, maana ndiye aliyetufundisha sote. Mtu mrefu, mpole, anayekula karanga mfukoni. Alikuwa na neno lake: "Angalia kwanza, sikiliza baadaye, gusa mwisho. Ukianza kugusa, mtoto atakudanganya." Ni kweli. Ukimgusa atalia, moyo utakimbia, pumzi zitakimbia, na hutajua lipi ni la ugonjwa na lipi ni la hasira yake kwako. Simama kwanza. Angalia mbavu zinavyovutwa ndani. Angalia kama kifua kinaruka upande wa kushoto. Ndipo upashe moto stethoskopu kwenye kiganja chako, siyo kwenye ngozi ya mtoto wa watu. Mwisho kabisa weka kidole kwenye kiganja chake. Mapigo ya moyo hayapaswi kusikika pale kwa urahisi. Ukisikia panagonga kama mtu anayebisha hodi kwa nguvu, mwite daktari.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimsikia mtoto mmoja ana mvumo wa ajabu kwenye moyo, kama maji yanayochemka. Nikamkimbilia Daktari Massawe kantini, nikamtoa kwenye makande yake. Akaja, akasikiliza, akanyoosha mkono akabana mpira wa mashine ya mapovu, ile yenye chombo cha maji, inayomsaidia mtoto kupumua. Mvumo ukakoma. Akaachia, ukarudi. "Sista Anaeli," akasema, "umegundua ugonjwa wa ndoo ya maji." Nikaitwa hivyo mwezi mzima. Ila tangu siku ile sikusikiliza tena moyo bila kujua kwanza sauti zote za chumba.

Nikawa hodari. Nasema bila haya. Madaktari wapya wakija, Massawe anawaambia, "Kabla hamjaniita, muulizeni Sista Anaeli." Hakuna mshahara mtamu kama neno hilo.

Ndipo akaja Zuhura.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mtoto wa mjini Levolosi, baba yake fundi cherehani mwenye asili ya Tabora. Anaongea Kiswahili kinachoteleza, wakati sisi wa mlimani Kiswahili chetu kina mawe. Ana mikono yenye joto hata Julai, wakati hapa Arusha kila mtu ananuka moshi wa jiko. Watoto walikuwa wanatulia akiwagusa! Mimi nilipaka mafuta, nikasugua viganja, nikavishika vikombe vya chai, bado mtoto ananikunjia uso. Yeye anatoka uani kuanua nguo, anaingiza mkono, mtoto anapiga miayo.

Siku moja alisimama mbele ya kitanda nilichokuwa nimeshakipitia. "Dada Anaeli, huyu naona mapigo yake ya kiganjani yananigonga." Nikaweka kidole. Yalikuwa yanagonga kweli. Saa mbili nilipopita hayakuwa yakigonga, naapa, hali ya njiti inabadilika wakati unameza mate. Lakini Massawe alipokuja alisema, "Zuhura ana kidole." Basi. Neno dogo kama hilo. Nilikula chakula cha mchana siku ile hakina ladha.

Ilipofika nafasi ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam miezi kadhaa kujifunza uuguzi wa watoto wenye matatizo ya moyo, mlitegemea nani? Mimi nilishanunua sanduku. Akapelekwa Zuhura, kwa sababu ni kijana na atatumika muda mrefu. Sababu nzuri, haina pa kuipinga, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Sanduku nikamwazima mimi mwenyewe, maana lake lilikuwa limevunjika mkono. Alilirudisha na zawadi ya kanga ndani. Sikuivaa.

Alikuwa ameshazoea tena wodi alipozaliwa mtoto wa Elifuraha.

Elifuraha alikuwa binti wa juu ya Kikatiti, ameolewa na fundi seremala anayeitwa Godlisten. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu ilifika kama miezi saba hivi, uchungu ukaja, akazaa msichana mwenye ngozi ya kung'aa kama karatasi ya sambusa. Mtoto wa nyumbani! Mama mkwe wake naimba naye kwaya moja, tunakaa benchi moja la sauti ya pili. Nikasema huyu ni wangu, hapa hakuna kidole cha mtu.

Siku za mwanzo alikwenda vizuri. Halafu akaanza kurudi nyuma. Tulikuwa tumempunguzia oksijeni, ikabidi tuongeze. Anasahau kupumua, unamkuna unyayo, anakumbuka. Uzito hauendi popote. Nikaangalia, nikasikiliza, nikagusa. Kiganja kilikuwa kinabisha hodi. Safari hii nilikuwa wa kwanza mimi, na nilimwita daktari kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia.

Nikaketi na Elifuraha, nikamweleza habari ya mfereji kwa Kimeru, taratibu, kwa moyo wote. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Asante, mama." Kisha, kwa sauti ndogo, "Yule sista mwingine ataingia saa ngapi?"

Zuhura akaja, akamkalia kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nakunja shuka jirani, masikio nimeyatega. Akamwambia ni kama mlango wa uani kwenye nyumba ya wapangaji, usiku umeingia na mtu kasahau kuufunga. Mlango wa uani! Kwa mtu wa mlimani ambaye nyumba yake imezungukwa na migomba! Na Elifuraha akalia, akamshika mkono, akauliza maswali ambayo mimi hakuniuliza hata moja. Atakufa? Ni mimi nimemsababishia? Nilibeba mzigo mzito? Zuhura anajibu hapana, hapana, mdogo wangu, hapana.

Nilikunja shuka lile mpaka likawa dogo kama leso.

Sasa sikilizeni ya kazi. Kwa huu mshipa dawa ya kwanza ni kungoja. Msicheke. Kwa watoto wengi unajiziba wenyewe wakikua kidogo, kwa hiyo unampa joto, pumzi, na maziwa ya mama, unakuwa mwangalifu usimjaze maji. Kungoja ni kazi kuliko kuchoma sindano, maana mikono inawasha kutaka kufanya kitu. Akizidi kulemewa, daktari anaanza dawa. Kuna ibuprofeni, ambayo inaubana mshipa ule. Lakini inaweza kubana na figo, na kuleta damu tumboni. Kwa hiyo unapima mkojo. Kwa njiti unapima pempasi, kavu kwanza, halafu iliyolowa, na tofauti ndiyo mkojo wenyewe.

Daktari Massawe alianza ibuprofeni. Nikaapa atakayeona tatizo kwanza ni mimi. Nilizipima zile pempasi kama muuza dhahabu. Asubuhi moja nikaona hii nyepesi, na iliyofuata nyepesi zaidi. Nikaguswa na furaha ambayo siyo ya Kikristo, nikaibeba ile pempasi mbiombio hadi chumba cha daktari. Nafungua mlango, Zuhura yuko ndani, kashika pempasi nyingine ya mtoto yuleyule, anasema, "Daktari, mkojo umepungua."

Massawe akatuangalia, mmoja huku na pempasi, mwingine kule na pempasi. Akacheka mpaka karanga ikampalia. "Dawa inasimama," akasema alipopata pumzi. "Mtoto huyu ana bahati, analindwa na watu wawili wasiopendana."

"Nani hapendani?" Zuhura akauliza, macho kayatoa. Hakuwa anajua! Hebu fikirieni. Umemwonea mtu wivu miaka, unaubeba kama gunia la mbolea, na mwenyewe hana habari.

Figo zilipotulia ikaanza parasetamo. Hapo Elifuraha akakasirika, mara ya kwanza kumwona hivyo. "Panadoli? Mtoto ana tundu la moyo mnampa Panadoli?" Na mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja na chupa ya mtori, akadakia dirishani, "Hata dukani pale Kikatiti ipo! Tungebaki nyumbani!" Ikabidi tueleze kwamba ndiyo, ni dawa ileile, ila kwa kipimo cha daktari, kwa mtoto anayeangaliwa kila saa, na damu yake inapimwa ini lisidhurike. Nanyi msije mkasema Bibi Anaeli alituambia Panadoli inatibu moyo. Ya dukani iacheni dukani.

Kisha yule mama mkwe akageuka kwangu, akaniuliza kwa Kimeru, "Anaeli, kwetu hakuna ugonjwa wa moyo. Huo umetoka upande gani?" Nikamwambia haujatoka upande wowote, mtoto amewahi kuzaliwa tu. Akageuza uso kama mtu asiyeamini. Elifuraha akajifunika kanga usoni. Niliona, sikuelewa.

Mshipa ukapungua, haukuziba. Tukangoja tena. Daktari bingwa mgeni akapita na mashine ya eko, akathibitisha: bado wazi, na moyo umeanza kutanuka. Sasa ni kuufunga kwa upasuaji Dar es Salaam. Wanapasua kidogo chini ya kwapa la kushoto, wanaubana ule mshipa, basi. Ukisikia inaelezwa unadhani ni kushona kifungo. Lakini kumfikisha mtoto kule na anapumua, hiyo ndiyo habari. Ilipatikana ndege. Nafasi zilikuwa za mama na mtoto kifuani mwake, na nesi mmoja.

Massawe alimuuliza Elifuraha mwenyewe, mbele yetu sote. Hakufikiri. "Sista Zuhura."

Mkoba wa safari niliupanga mimi. Nawaambia, niliupanga kwa wivu, na hakuna mkoba uliowahi kupangwa vizuri kama ule wodini kwetu. Mtungi wa oksijeni nikaujaribu, nikaujaribu tena. Kile kipira cha kumpulizia pumzi na barakoa ndogo kuliko zote vilikaa juu, siyo chini, kwa sababu kitu utakachokihitaji kwa haraka hakikai chini ya mkoba. Nikaweka kofia mbili za sufu, maziwa ya mama kwenye sirinji zilizoandikwa, na mpira wa akiba wa oksijeni. Nilitaka kikipungua kitu chochote, kisiwe kimepungua kwangu.

Ndipo nikamfunga mtoto kifuani kwa Elifuraha, ngozi kwa ngozi, kichwa chini ya kidevu. Tulikuwa wawili tu nyuma ya pazia. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Mbona kila siku unamtaka yule? Mimi ni wa nyumbani."

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ndiyo maana," akasema. "Mama mkwe wangu mnaimba pamoja. Ameshasema huyu mtoto akifa, na mimba zile mbili, Godlisten atafute mwingine. Mbele yako nitaliaje? Nikilia, Jumapili watu watajua. Sista Zuhura hamjui mtu yeyote kule juu. Kwake nalia nikamaliza."

Nilitaka kusema mimi siyo mtu wa kupeleka maneno. Na siyo. Lakini yeye angejuaje? Nikamkaza fundo la kanga, nikamwambia, "Basi huko ndegeni usilie, mtoto atasikia moyo wako unakimbia." Akacheka kidogo. Hicho ndicho nilichopata mimi.

Wanangu, hili halimo kwenye vitabu vyenu. Tunadhani mgonjwa anamtaka mtu wake, wa lugha yake, wa kanisa lake. Mara nyingine anamtaka mgeni, kwa sababu mgeni ataondoka na machozi aliyoyaona. Mkiona mama hawaongeleshi, msimlazimishe. Mtafutieni asiyemjua.

Nilielewa siku ileile. Mnadhani wivu ulikwisha? Niliwatazama wanapanda ambulensi ya kwenda uwanjani, Zuhura kabeba mkoba wangu, nikatamani kumnyang'anya.

Siku ya upasuaji kila mtu wodini alikuwa anasikilizia simu. Massawe alikuwa anatafuna karanga bila kuzimenya. Simu ilipoita akasikiliza, akasema "Haya, haya," akaikata, akatoka nje bila kutuambia kitu. Nikamfuata mbio. Nilimkuta anafuta miwani. "Wameufunga," akasema. "Mtoto anapumua. Zuhura anasema mkoba ulikuwa na kila kitu. Anasema mpira ulizibika wakiwa angani, akakuta umeweka wa akiba." Nikamwambia ningeuwekaje mmoja tu, mtu mzima kama mimi. Nikaenda chooni nikalia peke yangu.

Walirudi. Mtoto akaanza kunenepa, mashavu yakatokea, wakaruhusiwa. Baada ya miezi nikaletewa mwaliko wa ubatizo. Nilikuwa zamu Jumapili hiyo. Zuhura naye alialikwa, lakini wawili hatuwezi kutoka. Akasema, "Nenda wewe, dada. Kule ni kwenu, na kanisani mimi nitasimama wapi na kusimamia nini? Zamu nashika mimi." Hata hapo akanishinda.

Kanisa lilijaa. Elifuraha amevaa gauni jeupe, Godlisten kamshika kiwiko. Mchungaji akainama na maji mkononi, akauliza jina la mtoto. Elifuraha akalitaja kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kubwa, ya mtu asiyeogopa benchi lolote. Mchungaji akasita kidogo, akaomba alirudie. Akalirudia. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mama mkwe, ubavuni pangu, akanifinya paja. "Jina gani hilo? Huyo ni nani kwetu?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kukubaliana naye, na nusu ya roho yangu ilitaka. Nikamgeukia. "Ni jina la mtu aliyemshika mjukuu wako mkono akiwa angani, pumzi imekatika," nikasema, na sikushusha sauti. "Imba, mama." Kwaya ikaanza, na akaimba.

Jumatatu asubuhi niliingia wodini. Zuhura alikuwa ameinama kwenye kitanda cha joto, anambadilisha mtoto pempasi, mikono yake ileile.

"Shikamoo, dada. Enhe, ubatizo? Mtoto kanenepa?"

"Marahaba. Kanenepa. Kalia kanisa zima likasikia."

"Alhamdulillahi! Wamemwitaje?"

Neno lenyewe lilikuwa palepale mdomoni na halikutaka kutoka.

"Zuhura," nikasema.

"Abee."

"Zuhura."

"Si nakusikia, dada, mikono yangu tu ndiyo ina kazi. Niambie basi, mtoto wamemwitaje?"

Ikabidi niende mpaka pale alipo, nimshike bega, nilitamke jina lake tena, polepole, mpaka akaelewa kwamba sikuwa namwita yeye.